Kompyuta Iliyokuwa Bubu

Tulipoletewa kompyuta mpakato moja hapa Kampala mwishoni mwa 2021, tulidhani kazi ya kuitayarisha ingetuchukua jioni moja. Mashine nyingine zote za chumba chetu cha lugha zaendeshwa kwa Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nasi hatukutaka wanafunzi wajifunze desturi mbili. Tukachomeka kijiti kile kile cha siku zote. Mashine haikuitikia.

Kosa lilikuwa letu. Kijiti kile kilitengenezwa kwa vichakataji vya ukoo wa Intel, na hii ilikuwa Apple M1, ya ukoo wa ARM, ambao chimbuko lake ni Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Tena palikuwa na gumu zaidi. Kompyuta za kawaida hujitambulisha: humweleza mgeni kila kiungo na mahali kilipo. Nyingi za ukoo wa ARM hazisemi neno. Sharti mtu aziandikie daftari la viungo, ambalo mafundi huliita mti wa vifaa, na kila toleo lina mti wake. Watu wa mradi wa Asahi, ulioanzishwa na Hector Martin, waliuweka mfumo wa Apple ndani ya programu yao ndogo iitwayo m1n1, wakasikiliza kila agizo ulilovipa vifaa. Sisi walimu twaijua njia hiyo: ndivyo ajifunzavyo lugha asiye na kamusi.

Toleo lao la kwanza lilipotoka Machi 2022, tuliliweka. Skrini ikawaka, kibodi ikaandika, spika zikawa bubu. Wala haikuwa sahau. Spika ndogo kama zile zaweza kuungua zikisukumwa kupita kiasi, basi watungaji walizifunga hadi wapate programu ya kukadiria joto lake.

Uamuzi mwema, lakini somo letu lilikuwa paa na paa. Wanafunzi wetu, ambao wengi lugha yao ya kwanza ni Kiganda, husoma *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni kwa sauti moja, na maandishi hayawasaidii. Pumzi ile itokayo pamoja na *p* ya mnyama yapaswa kusikiwa, nasi tulikuwa na sauti ya bibi mmoja wa Mombasa aliyeitamka vizuri mno. Kweli, mfumo wa zamani ulibaki humo humo, nasi tungeweza kuurudia. Ndivyo tulivyofanya: kila kipindi cha kusikiliza tuliizima mashine na kuiwasha tena mbele ya darasa, huku mwalimu mwenzetu akituuliza, kwa upole uliotuuma, ni uhuru gani huo tulioupata. Hatukuwa na jibu.

Mwanzoni mwa 2024 tuliongeza mabadiliko mapya, tukafungua faili ya bibi bila kutarajia lolote. Sauti ikatoka. Darasa likanyamaza. Msichana wa safu ya nyuma akaomba irudiwe, kisha akasema, "Huyo wa pili ndiye anayekimbia."