Mvi za kwanza na maji ya ziwa



Jumamosi iliyopita tulikuwa tunasukana nywele kabla ya likelemba, mmoja wetu akaona mvi kichwani mwa mwenzake. Kelele! Tulihesabu mpaka tano tukaacha, maana kila mtu aliogopa zamu yake. Wengi wetu tuna miaka thelathini na kitu.

Koko mmoja wa kundi letu alikuwa kwenye mkeka anachambua sombe. Hakucheka. Aliuliza tu: "Hizo mvi mnataka kuzificha, mlizilipia bei gani?" Tukanyamaza. Tulijua anasema habari ya parsele.

Kabla ya 2020 tulikusanya pesa tukanunua parsele karibu na ziwa, tujenge nyumba ya kushonea na ya kufundishia wasichana kusoma. Bei ilikuwa ndogo. Koko akatuambia: "Pale ni pa ziwa. Limeenda kutembea, litarudi." Alisema maji aliyaona pale akiwa msichana, mwaka 1964, mji ukiitwa bado Albertville, muda mfupi kabla waasi wa Simba hawajaingia.

Tulimjibu "Ndiyo, koko," kisha tukacheka njiani. Sisi ni walimu, diplomu tunazo. Ubaoni tunaandika kila mwaka kwamba Lukuga ni mlango wa Ziwa Tanganyika, maji yanatokea hapa hapa Kalemie kwenda mto Kongo. Tukaona kama mlango upo, maji hayawezi kujaa. Hatukujiuliza mlango mmoja utafanya nini kwa ziwa la kilomita zaidi ya 650, lenye kupokea mvua za nchi kadhaa. Na mlango huo unaweza kuziba: Stanley alipofika mwaka 1876, Lukuga ilikuwa imejaa mchanga na majani.

Mwaka 2021 ukuta wa kwanza ukaanguka. Vyerehani tulivibeba kichwani usiku, maji yakiwa magotini. Mwaka 2024 maji yalirudi tena, yakachukua kilichobaki.

Lakini si ukuta unaotuumiza. Kuna mama mmoja, mjane, aliyeweka pale pesa yote aliyoachiwa na mume wake. Yeye alitaka kumsikiliza koko. Ni sisi tuliomwambia wazee wanaogopa kila kitu. Alitoka katika kundi bila kugombana na mtu. Ilituchukua karibu miaka mitatu kwenda kwake kuomba musamaha, maana kwanza tulimlaumu aliyetuuzia, kisha serikali, kisha mvua. Alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunywa. Kwenye kundi hajarudi. Tumeanza kumrudishia pesa yake kidogo kidogo, kila likelemba.

Hatusemi kila neno la mzee ni la kufuata. Koko huyo huyo anakataza wenye mimba kula mayai, na hapo tunamkatalia wazi, naye anatusonya. Siku hizi tunamuuliza: "Koko, uliona kwa macho ao walikuambia?" Mayai, walimwambia. Maji, aliyaona. Tungemuuliza hivyo tukiwa na miaka ishirini na nane, yule mama angekuwa na pesa yake.

Juzi dada mmoja kijana, mwalimu mpya, alikuja kutuaga. Anataka kununua parsele upande ule ule, maana kwenye kiangazi pale panakauka, panapendeza. Tulimpeleka mpaka kwenye mti wa mwembe, tukamwonyesha alama ya maji, inamfika kifuani. Tukamwambia tuliyaona sisi wenyewe.

"Ndiyo, mama," akajibu. Alipogeuka tukaona anatabasamu.

Kesho tunamfuata nyumbani kwake. Koko amesema atakuja na sisi, na yule mama mjane tumemtumia neno kumuomba naye aje.