Moto wa Kabla ya Vuli

Katika nchi ya Embu na Meru moto ulikuwa na majira yake, kama vile mbegu zilivyo na majira yake. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: masika huanza mwezi wa Machi, na vuli huanza mwezi wa Oktoba. Kule juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, mvua zote mbili ni za kutumainiwa. Lakini huko chini, upande wa Mbeere na Tharaka, ambako jua ni kali, watu huitumainia vuli zaidi kwa uwele, mtama na kunde. Ndiyo maana mwezi wa Septemba, nyasi zikiisha kukauka, wazee walikuwa wakifyeka na kuchoma, ili mvua ya kwanza ikute majivu juu ya udongo na mbegu chini yake.

Mtoto wa habari hii alizaliwa karibu na Runyenjes yapata mwaka 1939. Baba yake alikuwa na migomba na viazi karibu na nyumba, na shamba jingine la uwele huko chini, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Siku ya kuchoma shamba la chini ilikuwa kwake kubwa kupita sikukuu zote, hata Krismasi, ingawa mwalimu wake wa katekisimu asingependa kuyasikia maneno hayo.

Watu wazima hawakuihesabu kazi hiyo kuwa mchezo. Kwanza walifyeka njia pana kulizunguka shamba lote, wakaifagia mpaka udongo ukaonekana. Kisha walitazama juu ya miti. Nchi ile ni nchi ya asali, na mizinga ya nyuki hutundikwa matawini, mara nyingi mbali na nyumba ya mwenyewe. Asali ilitumika katika pombe na katika mahari, na mtu aliyeunguza mzinga wa mwenziwe alidaiwa malipo mbele ya wazee. Basi chini ya kila mti wenye mzinga walifyeka tena. Baada ya hayo walikaa kimya kuungojea upepo utulie, jua likikaribia kutua, na kila mtoto alipewa tawi bichi la kupigia cheche zitakazoruka mpaka.

Mabwana Shamba wa siku zile walikataza sana kuchoma, wakihubiri mbolea ya takataka zilizooza. Neno lao lilikuwa na haki ndani yake, maana moto huacha chokaa na chumvi za namna ya potasi katika majivu, lakini naitrojeni, ambayo mimea huihitaji mno, hupotea hewani pamoja na moshi. Wazee walisikiliza kwa adabu, wakaitikia, na Septemba ilipofika wakachoma.

Walakini jambo walilolingojea watoto halikuwa moto wa nyasi, bali mianzi. Mjomba wa mtoto huyo alikuwa akipanda msituni kukata mianzi ya kujengea maghala, na vipande vilivyosalia alivibeba mpaka shamba la chini, akijifanya kwamba ni kuni tu. Mwanzi umegawanyika pingili kwa pingili, na kila pingili imefungwa kwa fundo huku na huku. Ukitiwa motoni, hewa na maji yaliyomo ndani hupata joto, hutanuka, hukosa njia ya kutokea, na mwisho pingili hupasuka kwa mshindo mkubwa. Wachina walifanya hivyo kuwafukuza pepo wabaya zamani sana, kabla hawajavumbua baruti. Watoto wa Embu hawakuwa na habari za Wachina. Walilala kifudifudi nyuma ya kichuguu, wakahesabu: mmoja, miwili, mitatu. Aliyekisia vizuri idadi ya mishindo alipewa sehemu ya kwanza ya viazi vilivyochomwa katika majivu.

Mwaka mmoja, yapata 1948, mjomba alimchukua mtoto mpaka Embu mjini kuuza ngozi. Walilala kwa jamaa yao, na usiku huo ulikuwa usiku wa Diwali. Haukuwa na mwezi, kwa kuwa Diwali huangukia siku za mwezi kufa, Oktoba au Novemba. Mbele ya maduka ya Wahindi palipangwa taa ndogo za udongo zenye tambi za pamba, na vijana wao wakawasha fataki zilizoruka na kumwaga cheche nyekundu na za kijani. Mtoto alisimama kinywa wazi.

Akauliza, "Mjomba, hawa nao wanachoma shamba gani?"

Mjomba, aliyekuwa akiuza ngozi pale tangu ujana wake, akamjibu, "Hawa, mwanangu, wanachoma mwaka. Leo vitabu vya hesabu vya zamani vinafungwa, kesho vipya vitafunguliwa. Lakini lile deni langu watalihamisha, usiwe na shaka."

Shuleni nako alikutana na moto mwingine. Mwalimu aliwasimulia habari za Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 chini ya Bunge la Uingereza pamoja na mapipa 36 ya baruti, na jinsi Waingereza wanavyoikumbuka tarehe 5 Novemba kwa mioto mikubwa na fataki. Darasa zima lilishangaa, wala si kwa sababu ya baruti. Walishangaa kwamba kuna watu wanaowasha moto nje mwezi wa Novemba, wakati ambapo kwao maji yanatiririka njiani na kuni zote zimelowa. Mwalimu alifafanua kwamba huko mavuno yamekwisha na baridi inaanza. Lakini wanafunzi waliona kwamba moto usiofuatwa na kupanda ni moto wa hasara.

Tarehe 20 Oktoba, 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa. Mwaka uliofuata msitu wa mlima ulipigwa marufuku, na mtu aliyeonekana humo bila ruhusa aliweza kupigwa risasi. Mjomba hakukata mianzi tena. Hata vile vipande vichache vilivyokuwa vimebaki uani, baba alivichukua akavichanja vyembamba kwa panga, kimoja kimoja, mbele ya watoto.

"Mianzi sasa basi," akasema. "Aliye mbali akisikia mshindo hawezi kujua kwamba ni mwanzi."

Ilipofika amri ya mwaka 1954 ya kuwahamisha watu katika vijiji vilivyozungukwa na handaki, jamaa hiyo nayo ilihama. Nyumba zilizoachwa zilitiwa moto. Mtoto, ambaye sasa alikuwa kijana, alisimama barabarani na mzigo kichwani akaliona ghala la nyumbani kwao likiungua. Mapau yake yalikuwa ya mianzi mizima, kazi ya mkono wa mjomba. Yakapasuka moja baada ya jingine kwa muda mrefu, na watoto wote waliokuwapo walinyamaza. Hakuna aliyehesabu.

Hali ya Hatari iliondolewa mwezi wa Januari, 1960, na watu wakarudi katika mashamba yao. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, Kisoi Munyao akiwa kule juu ya Mlima Kenya kuipandisha bendera mpya, vijana wa Runyenjes waliwasha moto uani, ingawa kuni zilikuwa na unyevu. Yule kijana, mwenye miaka 24 sasa, alikuwa amenunua mianzi mitatu, akaikata vipande, akaitia motoni. Wadogo zake waliozaliwa kijijini walikuwa hawajapata kuusikia mlio huo. Wa kwanza ulipolia walishika masikio. Wa pili ulipolia wakacheka, wakaanza kuhesabu, wakafika kumi na mmoja.

Mama yao aliondoka kwenye kigoda chake ulipolia ule wa kwanza, akaingia ndani, akafunga mlango, wala hakutoka mpaka moto ulipozimika. Asubuhi na mapema aliokota vipande vyote vya mianzi vilivyotawanyika uani, akaviweka karibu na mafiga, akavitumia kuwashia moto wa uji.