Kilima cha Rusinga kilinifunza kushuka

Wahenga waliposema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hawakutaja guu lenyewe litakuwa la nani. Mimi ndiye niliyekataa kusikia la mkuu. Aliyevunjika ni mwanangu, tena mkono.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2018. Mwanangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa amechoka kukaa katika nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Nairobi akitazama televisheni. Mama yake akasema twende kwao Rusinga, mtoto akamjulie hali babu yake na kuona ziwa. Nikakubali upesi. Mkwe asiyeonekana ukweni huanza kusemwa.

Kwa wasiokijua, Rusinga ni kisiwa katika Ziwa Victoria, mkabala na mji wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Urefu wake ni kama kilomita 16, na pale kilipotanuka zaidi upana wake ni kama kilomita tano. Huhitaji mashua kukifikia siku hizi, kwani daraja limekiunganisha na bara. Ukikiona kwenye ramani utadhani ni tambarare kama sinia. La hasha! Katikati pana vilima, na njia za watu na mifugo hupanda na kushuka humo kati ya mawe na vichaka.

Siku ya tatu mwanangu alitaka tukizunguke kisiwa kwa baiskeli. Shemeji yangu akatuazima mbili: yake ya gia, na ile nyeusi nzito ya mzee, aina ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Baba mkwe alikuwa ameketi chini ya mti. Ujana wake wote aliutumia kubeba samaki kwa baiskeli kutoka ufuoni hadi sokoni. Aliinuka polepole, akainua gurudumu la mbele la ile Mamba, akalizungusha, akaminya breki, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akaniambia, "raba hizi zimekwisha. Mkipita barabara ya chini, sawa. Mkipanda huko juu, wakati wa kurudi shukeni chini mzikokote."

Niliitikia, "Naam, baba," kwa adabu zote. Moyoni nikacheka. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeendesha baiskeli Kisauni na Bamburi tangu nikiwa na umri wa miaka saba. Ni nani wa kunifundisha baiskeli? Sikujiuliza kama huko Kisauni nimewahi kukutana na mlima.

Asubuhi yetu ilikuwa njema. Tulipita Kasawanga, alikozikwa Tom Mboya aliyeuawa Nairobi mwezi Julai 1969, na mwanangu akasimama kwa heshima kuliko anavyosimama nyumbani nikimtuma dukani. Ufuoni akina mama walikuwa wameanika omena juu ya nyavu. Kisha, kwa kuwa kijana alitaka kuliona ziwa kutoka juu, tukaiacha barabara na kushika njia ya kilimani.

Kupanda tulisukuma. Jasho lilitutoka mpaka tukanyamaza. Tukiwa njiani tulikutana na bwana mmoja akiteremka, amefunga gunia kwenye keria, naye anatembea kando ya baiskeli huku ameishikilia kama mtu anayemzuia fahali. Alipotupita mwanangu akanong'ona, "Baba, yule hajui baiskeli hupandwa?" Tukacheka wote wawili. Hadi leo kicheko hicho kinaniuma kuliko gharama ya hospitali.

Tulipoanza kushuka, mwanangu akiwa mbele juu ya Mamba, nilimwona akienda vizuri kwa kitambo. Halafu nikaona anakwenda vizuri kupita kiasi. Mteremko huwa hivyo: haukuonyeshi hatari mpaka uwe tayari mikononi mwake. Kila mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia huhitajika mara nne, na sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Mbele ya kona mbuzi watatu wakatoka kichakani. Kijana akaminya breki zote kwa nguvu. Chuma kikalia juu ya rimu, gurudumu la mbele likateleza kwenye changarawe, naye akaruka juu ya usukani. Kichwa chake, kisicho na kofia ngumu, kilianguka shubiri moja kutoka kwenye jiwe.

Nilipomfikia, kiganja kilikuwa kimepinda mahali kisipopaswa kupinda. Nilitaka kukimbia ziwani kuchota maji nimwoshe michubuko. Mama mmoja aliyekuwa akichunga akanizuia. Maji yale si safi, akasema, na yana kichocho. Akatoa maji ya kunywa aliyobeba, akavunja vijiti viwili, akavifunga kando ya mkono bila kujaribu kuunyoosha, kisha akavua leso yake na kuuning'iniza shingoni mwa kijana. Simu yangu haikuwa na chaji. Hata hilo! Ni yeye aliyemtuma mtoto wake kuita pikipiki.

Jioni, mkono ukiwa ndani ya plasta, niliketi mbele ya baba mkwe nikingoja kukaripiwa. Hakunikaripia. Aliileta ile Mamba akanionyesha. Breki ya mbele, alisema, ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ukisimama uzito wote huja mbele. Lakini juu ya changarawe ukiibana ghafla itakuangusha. Mtu hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Huminya zote mbili kidogo kidogo, akiketi nyuma. Na rimu ikilowa, breki za vyuma kama zile huwa karibu na bure. "Na mzigo?" nikamwuliza. Akasema yule bwana wa gunia alikuwa akiwaogopea watu wa chini, sio yeye mwenyewe.

Mke wangu hakusema neno siku mbili. Hiyo ni habari nyingine.

Tulirudi Agosti iliyofuata. Safari hii tulibeba kofia mbili kutoka Nairobi, na fundi pale Mbita alitufungia raba mpya kabla hatujavuka daraja. Tulimwambia babu njia tutakayoshika na saa ya kurudi, simu ikiwa na chaji, maji lita tatu, na leso ya mama mtoto ndani ya mkoba. Tukapanda kilima kile kile. Kileleni mwanangu hakuniuliza. Alishuka chini, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaanza kutembea. Mkono wake wa kushoto bado hugoma kidogo asubuhi za baridi.

Nusu ya njia vijana wawili wageni, nadhani wa mjini kama sisi, walitukuta wakipanda. Mmoja akamtazama mwanangu, akamgusa mwenzake, wakacheka.

"Mkirudi," mwanangu akawaambia, "kwenye ile kona hupita mbuzi."