Ile ya 24

Sisi tunaoondoka mwaka huu tumetakiwa tuandike juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa. Mimi nitaandika juu ya taa ndogo zinazotolewa katika mashine mbovu za kompyuta.

Nalikuwa kidato cha 3 nilipoanza. Mjini Masaka yuko fundi wa kompyuta aliyekuwa akitupa mashine za kuandikia diski zilizoharibika. Nilimwomba, akanipa moja. Ukifungua parafujo zake, utaona kigari kidogo kilichobeba lenzi, na nyuma yake dayodi za leza, ndogo kuliko punje ya hindi. Mwali wa diski za CD ni wa nanomita 780, nao hauonekani kwa macho. Mwali wa DVD ni mwekundu, wa nanomita 650.

Kusoma diski hakutaki nguvu. Miliwati chache zatosha. Bali kuandika ni kuunguza alama katika rangi iliyo ndani ya diski. Mashine ikienda upesi zaidi, mwali hauna budi kuwa mkali zaidi. Ndiyo sababu wapenzi wa kazi hii huko Marekani na Ulaya waliingojea kila mashine mpya kama mkulima angojeavyo mvua. Ukaja mwendo wa 8, kisha 16, kisha 20, 22 na 24, na kila mara walitumaini dayodi yenye nguvu kuliko ya jana. Mimi nalikuwa nyuma yao miaka mingi, maana mashine hufika kwa fundi wetu baada ya kufa. Lakini tumaini lilikuwa moja.

Dayodi ya kwanza niliiua. Ikizidishiwa umeme hata kwa nukta moja, huungua ikabaki taa hafifu isiyo na kazi. Ya pili, ya mwendo wa 16, ilikubali: miliwati 200 hivi. Ikapasua puto jeusi, ikawasha kiberiti. Bweni zima likaja kutazama, nikaitwa Bwana Radi. Wala sikutosheka. Kila Jumamosi nilimwuliza fundi, “Mzee, ile ya 24 imefika?” Naye hujibu, “Bado, kijana.”

Yuko mdogo wetu wa kidato cha 2 aliyekuwa akinishikia maputo. Jioni moja puto lilipasuka, na mwali ukaendelea na safari yake mpaka ukutani, palipotundikwa kioo cha kunyolea. Ukarudi, ukampiga usoni. Hakulia. Alifumba jicho la kushoto akasema, “Si kitu, kaka.”

Siku tatu tulinyamaza. Yeye alininyamazia mimi, nami nilijinyamazia, kwa hofu ya kufukuzwa shule. Siku ya nne nilimwona akisoma huku amegeuza kichwa upande. Nikamwuliza. Akaniambia kwamba katikati ya kila mstari liko doa, kama tone la wino. Hapo nikaenda kwa Bruda anayetufundisha fizikia, nikasema yote. Hakunikemea. Alichukua ufunguo wa gari.

Daktari wa macho alitueleza kwamba jicho lina lenzi yake yenyewe, nayo huukusanya mwali mpaka uwe nukta ndogo sana nyuma ya jicho, kabla kope haijawahi kufunga. Kidonda kilipona kiasi. Leo kijana anasoma vizuri, lakini doa halikuondoka lote.

Bruda aliifungia dayodi yangu kabatini, akanipa nyingine yenye nguvu isiyozidi miliwati 5. Akasema, “Nionyeshe dhaifu anaweza nini.” Tukauelekeza mwali kwenye CD, na ukutani yakatokea madoa mekundu yaliyopangana. Tulipima pembe, ikawa digrii 24. Tulipokokotoa, tukapata kwamba njia za CD zimeachana kwa mikromita 1.6. Kwa DVD pembe ilikuwa digrii 61, na njia zimeachana kwa 0.74 tu. Nilikaa nikifikiri. CD hubeba megabaiti 700, DVD gigabaiti 4.7, na Blu-ray, yenye mwali wa zambarau wa nanomita 405 na njia za mikromita 0.32, hubeba 25. Nafasi hiyo yote haikupatikana kwa nguvu. Ilipatikana kwa mwali unaoweza kuandika herufi ndogo zaidi.

Tena mbio zenyewe zimefika mwisho. Kwa mwendo wa 16, DVD huzunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika, na plastiki ina mpaka wake. Watu nao wamehamia kwenye flashi na intaneti. Kwa DVD, baada ya 24 hakuna nyingine ya kungojea.

Ile ya 24 ilifika mwezi uliopita. Imo kabatini kwa Bruda, haijafunguliwa. Sasa anayeulizia ni yule mdogo wangu: “Kaka, tutaifungua lini?” Nimemjibu kwamba tunangoja jozi mbili za miwani ya kukinga macho, na ya kwanza itakuwa yake. Kioo cha kunyolea nimekwisha kukiondoa mwenyewe. Nisipowahi mimi, ataifungua yeye.