Kampuni Ni Yetu, Pesa Si Zetu!

Siku tulipopata cheti cha kampuni kutoka BRELA, mimi na mume wangu tulikula pweza wa nazi mpaka tukasahau kwamba kesho kuna kazi. Cheti tukakitia kwenye fremu, tukakitundika sebuleni juu ya televisheni, pale ilipokuwa picha yetu ya harusi. Picha ikahamia chumbani. Ningejua!

Kwa wasiopajua, Kilambo ni kijiji cha mpakani, kilomita kama 40 kutoka Mtwara mjini, Ruvuma ukikaribia kuingia baharini. Ng'ambo ni Msumbiji. Kivuko kinasubiri maji yajae. Yakipwa, utakaa mchangani na mzigo wako hata uwe bosi wa namna gani. Tangu Daraja la Umoja lizinduliwe kule Mtambaswala mwaka 2010, malori yana njia nyingine, lakini wachuuzi wa sabuni, vyombo vya plastiki na nguo huku wapo. Hao ndio tuliowalenga na duka letu la jumla.

Basi bwana, tulidhani cheti ndiyo mwisho wa mambo. Kumbe ndiyo kwanza mtoto kazaliwa! Pesa za mauzo zikawa zinaingia kwenye simu ya mume wangu. Mwezi wa kwanza zikatoka za mchango wa harusi ya binamu yake. Mwezi wa pili nikachomoa mimi, za vitenge na ada ya mdogo wangu. Mwezi wa tatu mwenye ghala mjini akadai chake, tukabaki tunatazamana kama abiria wa daladala.

"Wewe umechukua ngapi?" akaniuliza.

"Na wewe je?"

Usiku ule tulilala mzungu wa nne. Ndugu msomaji, huyu mwanaume nimeshagombana naye kwa wivu, kwa mawifi, hata kwa chumvi ya mchuzi. Ila ugomvi wa pesa ambazo hakuna aliyeziandika ni kiboko, maana wote mna haki na wote mna makosa.

Aliyetuokoa ni mjomba wangu. Kwetu huku neno la mjomba halipuuzwi. Akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. "Wanangu, mmesajili mtu, halafu mnamwibia. Kampuni ni mtu, ina mali yake na madeni yake. Mfukoni kwake mnatafuta nini?"

Tukaanza upya, hatua kwa hatua.

Kwanza TIN. Kila mmoja wetu alikuwa na yake, tukadhani inatosha. La hasha! Kampuni inachukua ya kwake TRA, na inatakiwa iombwe ndani ya siku 15 tangu biashara ianze. Ni bure, anayekuambia ulipie, anakupiga changa la macho. Halafu yanafuata makadirio ya kodi, yanayolipwa kwa awamu 4 kwa mwaka. Kampuni haiingii kwenye ile kodi ya jedwali ya mfanyabiashara mdogo: inapeleka hesabu, na faida inatozwa asilimia 30. Ndipo nilipoelewa kwa nini daftari la mauzo ni muhimu kuliko fremu.

Pili, mkataba wa pango, maana leseni inaulizia biashara iko wapi. Hapo pagumu: fremu ya duka ni ya mama mkwe! Hebu jaribu kumwambia mama mkwe kwamba kwenye pango lake unakata asilimia 10 na kuipeleka TRA. Nilimtuma mwanawe. Alirudi kimya, lakini mkataba ulikuwa umesainiwa.

Tatu, leseni. Tunauzia hapa hapa na wanaovuka ni wateja, kwa hiyo yetu ni ya kundi B, ya halmashauri. Ukitaka kusafirisha bidhaa nje mwenyewe, hiyo ni kundi A, unaiomba BRELA. Na kijana wetu wa stoo tukamwandikisha NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akitoa angalau nusu. Tukajisajili pia WCF, maana katoni zikimwangukia mtu hakuna utani.

Ikabaki akaunti ya benki. Benki inataka azimio la bodi: nani ataweka saini? Bodi yenyewe ni sisi wawili, mezani, na sahani ya mihogo katikati.

"Niandike mimi tu," mume wangu akasema. "Mjini mbali, tutasumbuka bure."

"Tuandike wote wawili. Pesa isitoke bila saini mbili."

Akaweka kijiko chini. "Mke wangu, unanidhania mwizi?"

Moyo ulinienda mbio. Ningeweza kusema hapana, yakaisha. Nikamwambia kweli: "Najiogopa mimi. Vile vitenge nilikuwa nimekwambia ni zawadi ya dada."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa mchango wa harusi nyingine aliokuwa ameahidi. Tukacheka mpaka machozi. Azimio likaandikwa: saini mbili.

Sasa kila mmoja ana mshahara mdogo, na michango ya harusi inatoka humo. Kila mwaka tunapeleka BRELA taarifa ya mwaka, ada shilingi 22,000; tarehe nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni. Cheti kimehamia dukani, pembeni ya TIN na leseni. Picha ya harusi imerudi sebuleni.

Juzi binamu mwingine kapiga simu, anaoa. Mume wangu akamjibu, "Ndugu yangu, subiri mwisho wa mwezi, nami ni mwajiriwa." Na wewe na mwenzio je, saini ziko ngapi?