Safari ya Kwenda Kuona Mji Mkuu

Kusafiri ni elimu, na kila elimu ina ada yake. Mwenye mali huilipa ada hiyo kwa fedha. Mwenye kipato kidogo huilipa kwa fedha kidogo na fikira nyingi. Mimi ni wa kundi la pili, na yamkini wewe msomaji wangu u mwenzangu. Kwa hiyo nataka kukusimulia safari zangu mbili za kwenda kuona Nairobi. Ya kwanza niliifanya bila ya mpango nikapata hasara. Ya pili niliifanya kwa hesabu, nikapata faida ambayo haijanitoka hata leo.

Kwetu ni Ngaremara, katika kaunti ya Isiolo, kando ya barabara kuu itokayo mjini Isiolo kwenda Archers Post, Marsabit na Moyale. Wengi wetu ni Waturkana. Nchi yetu ni ya migunga, mawe na jua. Utajiri wetu ni mbuzi, kondoo na ngamia, na wanawake hutunga shanga na kuwauzia wapita njia. Barabara hiyo ilipokamilika kutiwa lami hadi Moyale katika miaka ya 2010, mabasi ya Nairobi yalizidi kutupita mchana na usiku. Mvulana achungaye mbuzi kando ya njia alisoma jina la mji mkuu juu ya kioo cha kila gari, akalala nalo, akaamka nalo. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Mwaka 2017 nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali, hata mwezi wa Februari serikali iliutangaza kuwa ni janga la taifa. Mama yangu aliwauza mbuzi wawili kwa shilingi 5,000. Kwa kuwa alijua hamu yangu, aliniita akaniambia, "Mwanangu, mbuzi hawa wangekufa hata hivyo. Heri wafe kwa kukufungua macho. Nenda ukaone mji, urudi unieleze." Nikazipokea fedha zile kwa mikono miwili, nikaondoka kesho yake. Sikuuliza nauli, sikuuliza malazi, wala sikujua nakwenda kuona nini. Nilidhani mji utajionyesha wenyewe.

Msomaji, mji haujionyeshi kwa mtu asiyejua alitakalo. Humwonyesha bidhaa zake tu. Niliposhuka garini kijana mmoja mwenye maneno matamu alinichukulia mfuko wangu akanipeleka katika nyumba ya wageni, na malipo ya usiku mmoja yalikuwa makubwa kuliko nauli yangu. Nilikula mahali palipokuwa karibu, si mahali palipokuwa na bei nafuu. Nilinunua saa ya mkono iliyosimama siku ile ile. Siku ya pili nilizunguka katika mitaa michache jirani na stesheni ya magari, nikiogopa kupotea. Siku ya tatu fedha zilikwisha. Nilikuwa na mjomba wangu Kawangware, mlinzi wa usiku, lakini nilikuwa nimeona haya kumwomba mahali pa kulala mtu akaaye katika chumba kimoja. Haya hiyo ilinipeleka katika haya kubwa zaidi, maana mwisho ilinipasa kumwendea kumwomba nauli ya kurudi.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza neno moja tu: "Umeona nini?" Nikanyamaza. Mbuzi wawili walikuwa wamekwenda, nami sikuweza kutaja hata kitu kimoja. Mama hakunilaumu. Aliendelea kutunga shanga zake. Laiti angalinikemea, ningalipata nafuu.

Basi niliazimia kulilipa deni lile, tena kulilipa kwa namna inayofaa: niliazimia kumpeleka mama mwenyewe akaone. Nilipata kazi ya kuhesabu magunia katika duka la nafaka mjini Isiolo, nikaweka shilingi 50 kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Katika siku 120 nilikuwa na shilingi 6,000. Fedha hizo zilizidi kidogo tu zile nilizozipoteza peke yangu, na safari hii tulikuwa watu wawili. Lakini safari hii nilikuwa na daftari.

Katika daftari hilo niligawa safari katika mafungu manne: nauli, malazi, chakula na milango, yaani malipo ya kuingia mahali pa kutazama. Nauli niliziulizia kwa watu watatu mbalimbali, kwa sababu mtu mmoja huweza kukosea au kukupunja. Kwenda na kurudi kwa watu wawili, kutoka Ngaremara mpaka Isiolo na kutoka Isiolo mpaka Nairobi, ilikuwa shilingi 3,200. Nikaona ya kuwa zaidi ya nusu ya fedha zetu itakwisha barabarani. Jambo hili ni kweli kwa wengi wetu tukaao mbali. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama asihangaike kwanza na vitu vidogo, bali atazame fungu lililo kubwa. Tuliamua kusafiri katikati ya wiki, wala si karibu na sikukuu, nyakati ambazo nauli hupanda.

Malazi nilimwandikia mjomba mapema, bila ya haya. Akajibu kwamba kitanda chake hukaa kitupu kila usiku awapo kazini, basi dada yake atalala juu yake na mimi nitalala sakafuni. Hatukwenda mikono mitupu: mama alimchukulia nyama aliyoikausha na kuikaanga kwa mafuta, chakula cha kwao ambacho fedha za mjini hazikinunui. Chakula tulikitengea shilingi 1,200, magari ya mjini 600 na milango 600. Zilibaki 400, nazo nilizifunga katika kitambaa peke yake zikawa akiba ya dharura.

Fungu la milango ndilo lililonifikirisha zaidi. Niliandika kila mahali nilipopasikia, kisha nikauliza kila palipo na malipo. Nikajua kwamba mara nyingi mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mwanafunzi hulipa kidogo kuliko mtu mzima, mradi awe na kitambulisho chake. Nikajua pia kwamba mengi ya mji huo hutazamwa bure. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, niliifuta kwa kalamu. Haikuwa kwa dharau. Simba na twiga tunao jirani, Samburu na Buffalo Springs. Hakuna maana ya kulipa nauli ya mbali ili kuona kitu kilichoko mlangoni pako.

Tuliondoka alfajiri mwezi wa Agosti, mwaka 2019. Kutoka Isiolo njia hupanda, na joto letu likabaki nyuma. Tulipofika Timau, kwenye mashamba mapana ya ngano, mama alijifunika shuka mpaka kichwani. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, ulikuwa kushoto kwetu. Nanyuki tuliuvuka mstari wa ikweta, mama akauliza mstari uko wapi, nami nikamwambia kwamba umechorwa katika ramani tu. Akacheka akasema, "Kumbe hata wenye elimu huvuka visivyoonekana." Tukapita Karatina na Thika, na mchana tukashuka Nairobi karibu na River Road. Mwenye maneno matamu alitujia tena, pengine si yule yule. Nikamwamkia kwa heshima nikapita, maana nilijua niendako.

Siku ya pili ilikuwa siku ya miguu. Tulianza katika jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, mahali palipowekwa vitu vya sanaa alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Karibu na hapo pana sanamu ya Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi katika barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai, 1969. Tukaenda kuiona sanamu ya Dedan Kimathi, iliyosimamishwa mwaka 2007, kisha maktaba ya McMillan yenye simba wa mawe mlangoni. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kusoma ndani yake mpaka mwaka 1958. Nilimweleza mama habari hiyo. Yeye hajui kusoma, lakini alipanda ngazi akasimama mlangoni kitambo, akaniambia, "Ingia wewe, nikuone ukiingia." Nikaingia.

Tulilitazama kwa chini jumba la mikutano la KICC, lililomalizika mwaka 1973, lenye orofa 28. Tukapita katika bustani ya ukumbusho mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti, 1998, msiba ulioua watu zaidi ya 200, pale tulinyamaza. Adhuhuri tulikula chapati zetu katika nyasi za Uhuru Park. Jioni manyunyu yalianguka na nauli za matatu zikapanda, kama kawaida ya mji huo. Akiba yetu ya dharura ikapungua shilingi 100. Kama nisingaliitenga, ningalikata chakula cha kesho.

Siku ya tatu tuliiweka yote kwa jumba la makumbusho. Uani tulimkuta Ahmed, sanamu ya tembo wa Marsabit mwenye pembe ndefu, aliyelindwa kwa amri ya rais mwaka 1970 hata akafa kwa uzee mwaka 1974. Mama alifurahi kama aliyekutana na jirani, kwa kuwa Marsabit ni ya barabara yetu. Kisha tukaingia katika chumba yalimo mabaki ya kale ya wanadamu. Humo imo mifupa ya yule aitwaye Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Aliigundua Mkenya, Kamoya Kimeu, mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, nchi walikotoka babu zetu. Kimeu alikuwa mtu wa shule kidogo na macho makali. Alikiona kipande kidogo cha mfupa katikati ya mawe yanayofanana nacho.

Mama alisimama mbele ya mifupa ile muda mrefu. Akauliza, "Alikuwa na umri gani alipokufa?" Nikajibu kwamba wataalamu hukadiria miaka 8 au 9. Akasema taratibu, "Basi mama yake alilia." Nilikuwa nimesoma habari za mvulana yule shuleni, nikajibu maswali yake katika mtihani, lakini sikuwahi kufikiri ya kuwa alikuwa na mama. Siku ile mtu asiyejua kusoma alinifundisha kusoma.

Katika akiba yetu zilibaki shilingi 300. Mama alikuwa amezitumia mjini, kabla ya kupanda gari, kununua shanga za rangi ambazo kwetu huuzwa ghali. Baadaye mapato ya shanga hizo yalizidi bei yake. Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaa yenye maana ya maji baridi, na neno ngare katika jina la kwetu ni maji vile vile. Mama alipoambiwa hivyo alisema kwamba tulitoka majini tukaenda majini, na ndiyo maana hatukuona kiu.

Msomaji, uwe unakwenda Nairobi, Kampala, Dodoma, au mji mkuu wa mbali kama Bangkok, kanuni ni ile ile. Jua kwanza unachotaka kuona. Uliza bei kabla ya kuondoka, si baada ya kula. Punguza fungu kubwa kabla ya dogo. Usione haya kwa jamaa, wala usimwendee mikono mitupu. Weka akiba usiyoigusa. Na zaidi ya hayo, kumbuka fedha za safari yako zimetoka katika jasho la nani, kwa sababu mtu akumbukaye hilo hatazitupa.

Siku chache baada ya kurudi, wanawake wenzake walimzunguka mama chini ya mgunga wakamuuliza, "Umeona nini?" Nilikuwa nimekaa karibu. Jua lilipotua alikuwa bado anaeleza.