Moyo wa Mtoto, Presha ya Mama

Masika ya 1984 barabara ya kwenda Songea ilikuwa haipitiki, na gari letu la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stoo kwa kukosa petroli. Nilikuwa mkunga wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya wilaya kusini mwa Tanzania. Magharibi walimleta binti mmoja juu ya kitanda cha kamba, kimebebwa na mumewe na vijana wa kijijini, mama mkwe nyuma na kanga iliyolowa. Njiani alikuwa ameanguka kifafa mara mbili.

Kwa kimo cha tumbo nilikadiria mimba ya wiki 24. Uso ulivimba hata macho hayakufunguka sawasawa, na presha ilisoma 200 kwa 130. Mkojo kidogo niliopata niliuchemsha juu ya taa ya spiriti, kama tulivyofundishwa, ukaganda wote mweupe kama ute wa yai. Hiyo ni protini. Kilikuwa kifafa cha mimba, tena kile kikali kinachowahi mapema.

Mama mkwe aliniuliza neno moja tu: "Sista, moyo wa mtoto unapiga?"

Nikaweka sikio kwenye bomba la mbao. Unapiga, nikamwambia. Akamshukuru Mungu, akaketi kwenye benchi. Binti yule alikuwa ameolewa miaka mitano bila kushika mimba, na hii ilingojwa na ukoo mzima. Leo nikisikia wanawake wa namna hii wakisemwa kana kwamba wamechoka tu na mimba zao, naumia sana.

Kabatini tulikuwa na Valiamu na haidralazini, basi. Magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa nchi mbalimbali uliotolewa 1995 ulionyesha kuwa huzuia kifafa hicho vizuri zaidi, kwetu haikuwapo. Lakini hata ingekuwapo, dawa hizi hushusha presha na kutuliza degedege tu. Ugonjwa wenyewe haukomi mpaka kondo la nyuma litoke. Kila saa inayopita figo zinafungwa, ini linaharibika, na mshipa unaweza kupasuka kichwani. Binti hakuwa akizinduka tena baina ya kifafa na kifafa, na mfuko wa mkojo ulibaki mtupu.

Mkubwa mmoja tuliyemwita kwa redio kuomba ushauri naye alianza na swali lile lile la moyo wa mtoto. Tulipojibu kuwa unapiga, akasema tungoje asubuhi. Presha ya mama hakuiuliza.

Daktari msaidizi wetu, kijana mpole ambaye ndiye aliyekuwa akifanya karibu upasuaji wote pale, alikata shauri palepale. Inkubeta hatukuwa nayo, na mtoto wa wiki zile hakuwa na namna ya kuishi, tungoje tusingoje. Aliijua sheria pia. Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, humtishia anayetoa mimba kinyume cha sheria kifungo cha miaka 14, lakini kifungu cha 230 humlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama.

Alitoka barazani, akachutama mbele ya yule bibi. "Shikamoo mama. Mjukuu hataishi, hata tukisubiri. Mkweo anaweza kuishi tukianza sasa."

Bibi alimtazama mwanawe, akainama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, niachieni huyu ninayemjua."

Daktari akapasua chupa, tukaweka dripu ya oksitosini, nami nikakaa kitandani nikihesabu matone na kuandika presha kila nusu saa. Kabla ya alfajiri alizaliwa mtoto wa kiume. Alivuta pumzi kwa dakika chache mikononi mwa bibi yake. Kwa kuwa alipumua, walimpa jina, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika. Mama yake alianza kupata mkojo siku ya pili na kurudiwa na fahamu siku ya tatu. Mumewe ndiye aliyemweleza. Walilia pamoja, na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Maneno yalisambaa sokoni kwamba hospitali imetoa mimba, na askari akaja. Daktari alimfungulia faili, akampitisha kwenye presha zile moja moja, kifafa kimoja kimoja na saa yake. Askari alisoma hadi mwisho, akauliza hali ya mgonjwa, akaondoka. Hakurudi.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Savita Halappanavar, daktari wa meno aliyefia Galway, Ayalandi, Oktoba 2012, katika hospitali yenye kila kitu sisi tulichokosa. Mimba yake ya wiki 17 ilikuwa inaharibika na aliomba itolewe. Alijibiwa kwamba haiwezekani maadamu moyo wa mtoto unapiga. Maambukizi yakaingia kwenye damu. Nililia, kwa sababu swali lile nililijua. Waayalandi walipiga kura mwaka 2018 na kukiondoa katika katiba yao kifungu kilichowafunga madaktari mikono.

Kwetu ulinzi ule ulikuwamo sheriani tangu zamani. Hata hivyo wakunga vijana hunipigia simu usiku, sauti chini, wakiniuliza kama ni kweli upo. Huwatajia namba ya kifungu, halafu huwauliza presha ya mama ni ngapi.